TLS itusaidie wafanyabiashara wa mikoani kuwapata mawakili wa biashara

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji niseme jambo linalotugusa sana sisi wafanyabiashara wadogo na wa kati wa mikoani. Mimi nakamua na kuuza mafuta ya alizeti hapa Singida Mjini. Siku hizi mikataba haituachi. Kuna wa pango la godauni, wa mkopo, wa kuuza mafuta, wa kuuza mashudu, hata wa fundi wa mashine. Kila mmoja una kurasa zake, na kila mmoja unatakiwa usainiwe leo hii hii kwa sababu gari linasubiri. Lakini kumpata wakili wa biashara, yule ambaye kazi yake ya kila siku ni mikataba na kampuni na ambaye ofisi yake unafika kwa bodaboda, bado ni shughuli ya kuulizana mitaani.

Ombi langu ni kwa Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS. Chapta zake, yaani matawi yake ya mikoani, zitengeneze orodha ya wazi ya mawakili wa maeneo yao, ikionyesha kila mmoja anafanya kazi gani, na orodha hiyo ibandikwe mahali wafanyabiashara tunapofika. Naomba nieleze kwa nini.

Mawakili wamebanwa na kanuni zao za maadili katika suala la kujitangaza. Sina ugomvi na hilo, taaluma ya heshima hainadiwi kwa kipaza sauti. Lakini kishoka, yaani wakili bandia, hana kanuni inayombana. Utamkuta karibu na geti la mahakama, utamkuta kwenye steshenari, bahasha ya kaki iko kwapani. Anakuita mwenyewe: "Mama yangu, njoo nikusaidie, mkataba elfu thelathini, muhuri juu yangu." Wakati huohuo wakili wa kweli amekaa ghorofani, nyuma ya mlango wenye kibao kidogo, na mtu aliyetoka kijijini na magunia yake hajui kama yupo. Anayejionyesha ndiye anayepata wateja, na kwa sasa anayejionyesha ni kishoka.

Jirani yangu wa eneo la mashine alinunua mashine ya kukamua kwa ubia na shemeji yake. Mkataba wao wa ubia waliandikiwa steshenari na mtu aliyejitambulisha kama mwanasheria. Nimeusoma mkataba ule kwa macho yangu. Kifungu kimoja kinazungumzia nauli na usalama wa abiria, maana aliyeuandika alichukua mkataba wa ubia wa basi akabadilisha majina. Ulisema faida igawanywe sawa kwa sawa, basi. Haukusema nani atagharamia spea, nani ataweka fedha za kununulia alizeti wakati wa mavuno, wala mmoja akitaka kujitoa mashine itathaminiwa vipi na nani. Shemeji alipotaka kujitoa, kila mtu akaja na bei yake. Mwishowe wakatafuta jina lililokuwa kwenye muhuri, halikuonekana kwenye orodha ya mawakili. Mashine imefunikwa turubai tangu msimu uliopita na ndugu hawa hawasalimiani.

Sheria kuhusu mambo haya ipo. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza asiye na sifa kuandaa hati za kisheria kwa malipo, na inataka aliyeandaa hati aandike jina na anwani yake juu yake. Ndiyo maana hati za mawakili huwa na maneno "Imetayarishwa na" pale chini, na jina linafuata. Mfanyabiashara mwenzangu, ukipewa mkataba ambao hauna maneno hayo, uliza nani ameuandika kabla hujauliza bei. Na ukishasainiwa usiishie hapo. Mkataba unaopaswa kulipiwa ushuru wa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe. Wengi wanakuja kulijua hilo siku wamesimama mbele ya hakimu.

Naipongeza Mahakama ya Tanzania kwa mfumo wa e-Wakili. Unaingia kwa simu, unaandika jina la wakili au namba yake ya usajili, mfumo unakuonyesha kama anaruhusiwa kufanya kazi au hajahuisha leseni yake. Leseni ya wakili huhuishwa kila mwaka, kwa hiyo mtu aliyekuwa wakili safi miaka mitatu iliyopita anaweza leo asiwe na ruhusa. Nawaomba wafanyabiashara wote wafanye utafutaji huo, hauchukui hata muda wa kunywa chai. Tatizo ni kwamba mfumo unakujibu kama fulani ni wakili, haukwambii anafanya nini. Mwenye kesi za mauaji, mwenye mirathi, mwenye migogoro ya viwanja na mwenye mikataba ya biashara wote wanaonekana sawa. Hapo ndipo chapta za TLS zingeingia.

Kuna jambo jingine ambalo naomba nilikazie, maana nimeona watu wazima wenye biashara kubwa kuliko yangu wakilichanganya. Muhuri wa kamishna wa viapo si ushauri wa kisheria. Kamishna anayeshuhudia saini yako anathibitisha kwamba ni wewe umesaini mbele yake. Hajasema mkataba ni mzuri kwako, na mara nyingi hajausoma, kwa sababu hiyo si kazi uliyompa. Sheria yenyewe inamzuia kamishna wa viapo kuapisha watu katika shauri ambalo yeye ndiye wakili wa upande mmoja. Hizi ni kazi mbili tofauti. Lakini kwetu huku mtu anapeleka mkataba, unapigwa muhuri mwekundu, analipa, anaondoka akisema "wakili ameupitia". Hakuna aliyeupitia.

Na kuna hili la wakili wa upande wa pili. Mnunuzi mkubwa anakuja na mkataba ulioandaliwa na wakili wake, anakwambia usihangaike na gharama, wakili ni huyuhuyu atatuhudumia wote. Wakili huyo anaweza kuwa mtu mwadilifu kabisa, lakini aliyemtuma na atakayemlipa ni yule. Anayelinda maslahi yako ni uliyemtafuta wewe na kumlipa wewe.

Mimi nilimpata wakili wangu kwa njia ndefu, na naieleza ili TLS waone tunavyohangaika. Niliuliza wenzangu wa alizeti, nikamuuliza ofisa mikopo wa benki ninayoweka fedha, nikauliza SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Majina yalikuja, lakini hakuna aliyejua nani anafanya kazi gani. Nilianza kwa wakili mmoja wa makamo, mwenye jina kubwa hapa mjini. Alinisikiliza, akafungua mkataba wangu, akaufunga. Akaniambia: "Mama, mimi maisha yangu yote ni kesi za jinai. Huu nikiupokea nitakuwa nakula hela yako. Nenda kwa binti mmoja, nitakuelekeza ofisi yake." Hakunitoza hata shilingi. Wakili yule angeweza kuchukua ada yangu nisingejua tofauti, na kwa uungwana huo namheshimu mpaka leo. Lakini najiuliza, mfanyabiashara asiyekutana na mtu mwungwana kama yeye inakuwaje?

Huyo binti ni wakili kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. Kabla sijampa kazi nilimtafuta kwenye e-Wakili nikaona leseni yake iko hai. Nikamuuliza kama amewahi kuandaa mikataba ya mazao au bidhaa za viwandani, na akisafiri nani anabaki na faili langu. Nikamuuliza pia kama amewahi kumfanyia kazi mnunuzi wangu. Alijibu yote bila kununa. Kisha akaanza kuniuliza yeye, na kwa maswali yale nikajua nimefika.

Mkataba wenyewe ulikuwa wa kumuuzia mafuta mnunuzi wa Dar es Salaam kwa mwaka mzima, naye angenipa malipo ya awali ninunulie mbegu wakati wa mavuno. Aliusoma wote mbele yangu, kifungu kwa kifungu, kalamu mkononi. Alipofika kifungu cha sita akasimama.

"Mama, lori likipinduka Gairo, hasara ni ya nani?"

Nikamwambia ni ya mwenye lori, maana lori linaletwa na mnunuzi.

"Hapana. Hapa wameandika mafuta yanabaki mali ya muuzaji, na hatari ni ya muuzaji, mpaka yapimwe na kukubaliwa ghalani kwao Dar es Salaam. Lori ni lao, dereva ni wao, ila yakimwagika ni ya kwako."

Anayeijua barabara ya kutoka hapa kupitia Manyoni, Dodoma, Gairo na Morogoro anajua uzito wa sentensi hiyo. Kifungu kikabadilishwa: mafuta yanapimwa hapa Singida, yakishapakiwa na dereva akasaini, hatari ni ya mnunuzi.

Akaja kwenye bei. Waliandika bei moja kwa miezi kumi na miwili. Anayenunua alizeti anajua kwamba bei ya mavuno, kuanzia Mei, siyo bei ya Desemba wakati mbegu zimepungua kwa wakulima. Kwa bei ile moja, nusu ya pili ya mwaka ningekuwa nakamua kwa hasara huku mkataba ukinitoza faini kwa kila siku ya kuchelewesha mzigo. Alipendekeza bei ijadiliwe upya kila baada ya miezi mitatu, na kama hatukukubaliana kila upande uwe huru kuuvunja mkataba kwa taarifa ya maandishi. Mnunuzi alikubali baada ya kuvutana kidogo. Watu wanafikiri mkataba wa mnunuzi mkubwa haugusiki, lakini hata ule wa kwangu uligusika, ilitakiwa tu awepo mtu wa kuuliza.

Jambo la tatu ndilo lililonikosesha usingizi. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na sehemu mbili za kusaini, zote na jina langu. Nilidhani ni nakala. Akaniwekea kidole: "Hapa unasaini kama mkurugenzi wa kampuni. Hapa unasaini kama wewe, na nyumba yako." Ile ya pili ilikuwa dhamana binafsi ya kurudisha malipo ya awali. Nilisajili kampuni kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, ili deni la biashara lisinifuate mpaka jikoni kwangu, na saini moja ingeufuta ukuta huo wote. Tulikubaliana dhamana iwe mzigo wa mafuta ulioko ghalani, siyo nyumba.

Na migogoro, ambayo mkataba ulitaka yote ipelekwe Dar es Salaam, tukakubaliana ianze kwa mazungumzo, ikishindikana iende Dodoma, katikati ya njia.

Ada yake haikufika bei ya madumu manane ya lita 20. Alinipa barua kabla ya kuanza, imeandikwa kazi gani anafanya na ipi haimo, ada kiasi gani, na gharama za nje kama ushuru wa stempu zimetengwa peke yake. Nilipolipa nilipata risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Hivi ndivyo inavyotakiwa kuwa kwa kila mteja, na nawaomba wenzangu wasione aibu kuidai barua hiyo. Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 imeweka viwango kwa kazi mbalimbali, lakini nani kati yetu amewahi kuviona? Chapta ikitoa muhtasari wake kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, itaondoa hofu ya watu wanaodhani kuingia ofisi ya wakili ni kupeleka mtaji wote.

Nimetaja Kiswahili, niseme na hili. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Ajabu mikataba tunayoletewa, Mtanzania kwa Mtanzania, mzigo wa Singida kwenda Dar es Salaam, bado ni ya Kiingereza. Hakuna sheria inayokataza mkataba wa Kiswahili. Wakili wangu aliandaa nakala mbili na akaweka kifungu kinachosema zikitofautiana ya Kiswahili ndiyo itakayofuatwa. Mimi ninayesaini niliweza kuusoma mkataba wangu usiku, peke yangu, na kuuelewa. Kila mteja ana haki hiyo, na wakili anayeandika Kiswahili kizuri cha mikataba anastahili kujulikana.

Najua kuna watakaosema orodha ya namna hii ni matangazo kupitia mlango wa nyuma. Sikubaliani. Orodha ikitolewa na chama chenyewe, kwa mfumo mmoja kwa wote, jina, namba ya usajili, ofisi ilipo, aina ya kazi, na kama mazungumzo ya kwanza yanalipiwa, hapo hakuna anayejinadi. Sheria iliyoanzisha TLS, Sura ya 307, inataja kuwasaidia wananchi katika mambo ya kisheria kuwa miongoni mwa malengo ya chama. Mwananchi asiyejua wakili gani anafaa kwa shida yake hajasaidiwa.

Wengine watasema wafanyabiashara wenyewe hatutaki kulipia ushauri mpaka tupate kesi. Lina ukweli. Wengi wetu tunamjua wakili kama mtu wa mahakamani, unamwendea ukiwa umeshashikwa. Lakini tungemjua vipi vingine? Hatujawahi kumwona akija kwenye mkutano wa wafanyabiashara kutueleza dhamana binafsi ni nini. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imefika vijijini na watu wamesaidiwa kwenye ardhi, mirathi na ndoa. Ningefurahi ikiongezwa meza ya mikataba ya biashara ndogo, hasa kwa kina mama wa vikundi wanaosaini mikopo kwa kudhaminiana.

Mawakili waliosajiliwa nchini wameshapita 10,000, na wengi wako Dar es Salaam. Mfanyabiashara wa Kiomboi au Nduguti anayetaka wakili wa mikataba anafunga duka, anapanda gari mpaka mjini, na akifika anaanza kuuliza wauza vocha. Orodha ikiwa imebandikwa kwa afisa biashara wa halmashauri, anakokatia leseni, ataondoka na jina na namba ya simu. Ibandikwe pia SIDO, kwenye chemba ya wafanyabiashara ya TCCIA, mahakamani na kwenye mabenki. Wanaouza Unguja na Pemba nao waelezwe kwamba Zanzibar ina chama chake cha mawakili na usajili wake wa alama za biashara. Lebo ya chupa yako iliyosajiliwa BRELA hailindwi kule mpaka uisajili kule.

Mwisho, nakuomba na wewe Mhariri. Gazeti lako lina ukurasa wa afya ambapo daktari anajibu maswali ya wasomaji. Tupatie safu ya namna hiyo kwa mikataba, wakili mmoja kila wiki, kutoka mkoa tofauti kila mara. Msimu wa alizeti unaanza Mei na wanunuzi wataanza kuja na makaratasi yao Aprili. TLS wakiliamua jambo hili sasa, orodha ya Singida inaweza kuwa ukutani kabla hawajafika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkamuaji wa alizeti,
Singida Mjini